Kifafa nyumbani: dakika tano za kuanguka na miaka ya vidonge

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Kundi la seli likifyatua umeme huo kwa pamoja bila mpangilio, mwili hukakamaa na kutupa mikono na miguu, au mtu hubaki ameduwaa tu kwa nusu dakika. Hakuna kinachoambukiza kifafa kwenye mate, povu, mkojo wala ushuzi wa mtu aliyeanguka. Tunaanza na hilo kwa sababu imani ya kuambukizwa inaua. Kuna watu wengi Uganda waliopoteza vidole au kuharibika uso kwa kuwa waliangukia moto, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa. Mshike, mvute umtoe motoni.

Jambo la pili ni la kutia moyo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka, wakipata dawa inayowafaa na kuimeza ipasavyo. Dawa za msingi ni za zamani, bei yake si kubwa, na ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi. Kinachowaangusha wengi ni mambo ya nyumbani: dozi zinazorukwa, vidonge vinavyoisha kabla ya siku ya kliniki, moto wa kupikia ulio chini, usingizi mchache.

Anapoanguka

Tazama saa kabla ya kitu kingine chochote. Dakika moja ya kifafa huonekana kama robo saa kwa anayetazama, na hospitalini swali la kwanza litakuwa "ilichukua muda gani?"

Kisha ondoa hatari, usimhamishe mtu isipokuwa yuko penye moto, maji au barabara. Sogeza sigiri, sufuria, mawe, jembe. Weka kitu laini chini ya kichwa: leso iliyokunjwa, koti, hata kiganja chako. Legeza kola, hijabu au tai shingoni, na vua miwani.

Usimbane mikono. Misuli inajikaza kwa nguvu ambayo mwenyewe haitawali, na ukiishindania unaweza kumtegua bega. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, haiwezekani. Kijiko huvunja meno, na jino lililovunjika huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Usimpe maji, usimnusishe kitunguu wala kiatu, usimpake mafuta ya taa. Midomo ikigeuka bluu kwa muda mfupi, usishtuke: kifua kimekaza, na pumzi hurudi mtukutiko ukiisha.

Mikono na miguu ikitulia, mlaze ubavu. Piga magoti upande mmoja wake, kunja goti lake la mbali, shika goti na bega, umvutie kwako. Mkono wake wa juu uwe chini ya shavu, na mdomo uelekee chini ili mate na matapishi yatoke. Hili ndilo watu husahau mara nyingi, wakamwacha chali na mate yakaingia mapafuni. Kaa naye. Anaweza kulala nusu saa au zaidi, au kuamka akiwa amechanganyikiwa na kutaka kukimbia. Mwongoze kwa sauti ya chini, usimshike kwa nguvu. Usimpe chai wala kidonge mpaka aweze kukuambia jina lake na mahali alipo.

Mpeleke kituoni mara moja ikiwa mtukutiko umepita dakika 5, au umerudi kabla hajapata fahamu. Ukipita dakika 5 huwa mgumu kuisha wenyewe, na ukiendelea nusu saa unaweza kuacha jeraha la kudumu kwenye ubongo. Mpeleke pia ikiwa ni mara yake ya kwanza, ameumia kichwa, ameangukia maji, ana kisukari, au ana homa na shingo ngumu. Mjamzito anayeanguka, hasa baada ya miezi 5 au siku chache baada ya kujifungua, huenda ni kifafa cha mimba kinachotokana na shinikizo la damu. Huyo apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo, hata kama ameamka na anaongea.

Familia yenye mtoto ambaye hukamatwa kwa muda mrefu iulize kliniki kuhusu dawa ya dharura ya kukaa nyumbani. Ile ya kawaida ni diazepamu inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba lisilo na sindano. Kipimo ni miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 10. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 6, ambazo ni mililita 1.2 za ile chupa yenye miligramu 10 katika mililita 2. Baada ya kuingiza, bana matako kwa dakika chache ili isitoke. Utafiti uliofanywa Mulago kwa watoto 330 na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba midazolamu iliyowekwa kati ya shavu na fizi ilifanya kazi vizuri kuliko hiyo diazepamu, na haihitaji kumvua mtoto nguo mbele za watu. Tatizo lake ni kupatikana. Dawa zote mbili zinaweza kupunguza pumzi. Kwa hiyo toa dozi moja tu, tena ile uliyoandikiwa na kufundishwa kwa vitendo, kisha uanze safari ya kwenda kituoni.

Ushahidi unaoupeleka kliniki

Daktari mara chache humwona mgonjwa akiwa anaanguka. Anategemea maelezo yako. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, lakini kikionyesha hali ya kawaida hakifuti kifafa, na watu wengi wanaanza dawa bila kukifanya. Kwa hiyo simu yako ni chombo muhimu. Mtu wa kwanza akiwa anamlinda mgonjwa, wa pili arekodi video: mwili mzima, bila blanketi, uso uonekane. Taja kwa sauti kinachotokea na muda: "macho yamegeukia kushoto, mkono wa kulia ndio ulioanza." Upande ulioanza unamwambia daktari sehemu ya ubongo yenye tatizo. Endelea kurekodi mpaka anapoanza kuamka, kwa sababu jinsi anavyoamka ndiko kunakosaidia kutenganisha kifafa na kuzirai kwa kawaida.

Nunua daftari dogo la shule. Kila tukio andika tarehe, saa, muda, alikuwa anafanya nini, alilala vipi usiku uliopita, na kama kuna dozi iliyorukwa. Baada ya miezi mitatu daftari hilo huonyesha mambo ambayo kumbukumbu haiwezi kuyaona: mwanamke anayeanguka siku zilezile za hedhi, kijana anayeanguka kila Jumatatu baada ya pombe kali ya waragi ya Jumamosi na Jumapili.

Katika hospitali za rufaa kama Gulu, Lira, Mbarara au Arua, na hata kwenye vituo vingi vya afya vya daraja la nne, kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Wengine wakiona kibao hicho mlangoni hugeuza njia. Msigeuze. Huko ndiko waliko wahudumu waliosomea ugonjwa huu na huko ndiko dawa zake zinakogawiwa. Haina maana kwamba mgonjwa wako ni kichaa.

Vidonge

Fenobabitoni ndiyo dawa utakayokutana nayo mara nyingi. Kidonge ni cha miligramu 30, na mtu mzima kwa kawaida huanza na viwili, yaani miligramu 60, mara moja kila usiku. Hukaa sana mwilini, ndiyo maana mara moja inatosha. Lakini hiyo ina upande wa pili: huchukua wiki 2 hadi 3 kufikia kiwango chake kamili kwenye damu. Akianguka siku ya sita, usiseme dawa haifai na kukimbilia kwa mganga wa kienyeji. Bado haijafika. Usingizi mzito wa siku za mwanzo nao hupungua. Baadhi ya watoto hugeuka watukutu kupita kiasi badala ya kusinzia. Waambie kliniki, kwa maana ipo dawa ya kubadilisha.

Karbamazepini, kidonge cha miligramu 200, humezwa mara mbili kwa siku na huanza na dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Ina adui mmoja ambaye wengi hawamjui, nao ni unyevu. Vidonge vilivyokaa kwenye hewa yenye unyevunyevu hugeuka vigumu na vinaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu yake, huku kwa macho vikionekana vizima. Ukiwa Entebbe, Jinja au visiwa vya Ssese, usiviache kwenye kile kibahasha cha karatasi ulichopewa dirishani. Weka kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko kinachobana, mbali na jikoni na bafuni.

Fenitoini inafanya kazi vizuri, ila huvimbisha fizi: piga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa. Mtu akianza kuyumba kama mlevi na macho kuchezacheza, kiwango kimezidi, arudi kliniki siku hiyohiyo. Valproeti inatibu aina nyingi za kifafa. Vile vidonge vyenye ganda havisagwi wala kutafunwa.

Karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni zote, hasa katika wiki 8 za kwanza, zinaweza kuleta mzio mbaya wa ngozi. Dalili ni upele unaosambaa haraka, vidonda mdomoni au machoni, ngozi kutoka malengelenge. Hapo, na hapo tu, acha dawa mara moja na uende hospitali siku hiyo ukiwa na kopo la dawa mkononi.

Nje ya hali hiyo, dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Ubongo uliozoea kutulizwa ukinyimwa dawa siku moja hurudi kwa kishindo, na mtukutiko wa aina hiyo ndio usiokoma. Hili hutokea kwa namna tatu. Ya kwanza: mgonjwa amekaa miezi sita bila kuanguka, anajiona amepona, anaacha. Ya pili: mchungaji au mganga amemwambia vidonge vinazuia uponyaji. Aombewe, hakuna ubaya, na ameze. Ya tatu: kituo hakina dawa, familia inagawa vidonge nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Nusu dozi ni kujidanganya. Hesabu vidonge kila Jumapili, na vikibaki vya siku 10 anza kutafuta vingine: piga simu kituoni kabla ya kulipa nauli, na kama hakuna, omba uandikiwe jina, nguvu ya kidonge na idadi ili ununue famasi iliyosajiliwa. Usikubali dawa tofauti "inayofanana".

Dozi iliyosahaulika imezwe mara unapokumbuka. Ukikumbuka ikiwa dozi inayofuata imekaribia, ruka uliyosahau. Usimeze mbili kwa pamoja. Njia rahisi ya kukumbuka ni kufunga dawa kwenye jambo la kila siku, kama swala ya isha au chakula cha usiku. Mwezi wa Ramadhani uzungumze na kliniki mapema: anayemeza mara moja usiku hana shida ya saa, lakini kuamka daku na kulala vipande vipande kunaamsha kifafa, na wagonjwa wamepewa ruhusa ya kutofunga.

Kupunguza dawa hufikiriwa baada ya miaka 2 mfululizo bila tukio lolote, kwa uamuzi wa daktari, na hufanywa polepole kwa miezi.

Kila unapokwenda kununua dawa nyingine, taja kifafa. Tramadoli, inayouzwa kiholela kwa maumivu, huamsha kifafa. Mefloquini ya malaria pia. Anayemeza ARV aseme kliniki zote mbili, ya kifafa na ya ARV, kwa sababu karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza dolutegravir, ambayo ni mojawapo ya ARV, kwenye damu. Valproeti haifanyi hivyo.

Wanawake na mimba

Mara nyingi mazungumzo haya hayafanyiki kliniki, hivyo ulize mwenyewe. Karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, na mtu akapata mimba akiwa na kijiti chake mahali pake. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi hazidhoofishwi. Valproeti isitumiwe na msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba kama ipo njia nyingine: karibu watoto 10 kati ya 100 waliokuwa tumboni wakati mama anaimeza huzaliwa na kasoro za mwili, na wengine zaidi hupata shida ya kujifunza. Anayepanga kuzaa aanze foliki asidi miligramu 5 kila siku kabla ya mimba. Na aliyekwisha kushika mimba asikate dawa kwa hofu. Aende kliniki wiki hiyohiyo. Azalie hospitalini, na mtoto achomwe vitamini K.

Moto na maji

Katika nyumba nyingi mtu mwenye kifafa huumizwa na jiko kuliko na ubongo wake. Mafiga matatu chini, sufuria ya posho juu, mama ameinama anakoroga: akianguka, anaanguka mbele. Inua jiko. Jiko la udongo lililozibwa pande zote na kufika kiunoni hugharimu udongo, nyasi na siku mbili za kazi, na sufuria ikizama ndani yake haipinduki kirahisi. Kama ni sigiri, iweke kwenye kona yenye ukuta mdogo wa matofali mbele yake. Mishikio ya sufuria ielekee ukutani. Mgonjwa anapoota moto akae umbali unaozidi urefu wake mwenyewe, ili hata akianguka moja kwa moja kichwa kisifike. Kazi ya kuepua sufuria ifanywe na mwingine. Tadoba, yaani kibatari, itoke nyumbani, taa ya sola iingie. Akiungua, mwagia maji baridi safi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mayai na majivu huharibu ngozi zaidi.

Aoge kwa beseni, si mtoni wala ziwani. Kisimani asiende peke yake, kwani maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha aliyelala kifudifudi. Mlango wa choo usifungwe kwa komeo la ndani. Tundika kitambaa nje kuonyesha kuna mtu. Godoro liwe chini. Kuendesha boda boda, kupanda miti na kuvua samaki kwa mtumbwi ni kazi za kuacha mpaka kifafa kidhibitiwe. Kulima, kushona, biashara na masomo viendelee. Mwalimu apewe karatasi moja yenye hatua za huduma ya kwanza, na mtoto akiamka arudi darasani.

Kuzuia kifafa kabla hakijaanza

Sehemu kubwa ya kifafa cha Uganda inazuilika, na hapa kuna jambo moja linaloeleweka vibaya sana. Tegu wa nguruwe, yaani mnyoo mrefu bapa, ana njia mbili. Anayekula nyama isiyoiva yenye vifuko vyeupe kama punje za mchele hupata tegu tumboni. Lakini vifuko vya kwenye ubongo, vinavyoleta kifafa, vinatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyo kwenye kinyesi cha binadamu: kwa mikono, maji au mboga zilizonyunyiziwa maji machafu. Ndiyo maana asiyegusa nguruwe maishani naye anaweza kuupata. Kinga ni choo kinachotumika, nguruwe waliofungiwa banda, sabuni kabla ya kupika, mboga mbichi zilizooshwa kwa maji safi, na nyama iliyopikwa mpaka wekundu uishe hadi mfupani. Anayehisi ana vifuko kichwani asinywe dawa ya minyoo kwa kujitibu: mdudu akifa ghafla, ubongo unaomzunguka huvimba.

Kaskazini, huko Kitgum, Pader na Lamwo, ulitokea ugonjwa wa watoto kusinzia kwa kichwa, ambao wenyeji huuita lucluc. Huanza hasa kati ya miaka 3 na 18, na mara nyingi kichwa huanza kuinama mtoto anapoona chakula au kwenye baridi. Unahusishwa na upofu wa mtoni, unaoenezwa na nzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi kama ya mito Aswa na Pager. Baada ya mito hiyo kutiwa dawa ya kuua viluwiluwi na ivermectini, dawa ya upofu wa mtoni, kugawiwa mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya walipungua sana. Kwa hiyo wahudumu wa VHT, yaani timu ya afya ya kijiji, wakija na fimbo ya kupimia urefu, kila anayestahili ameze dawa hiyo, hata aliye mzima. Mtoto aliyekwisha kuugua hutibiwa kwa dawa za kifafa, zaidi valproeti. Alishwe taratibu akiwa na mtu, kwa sababu asiposhiba mwili unadhoofika na mtukutiko unazidi.

Malaria ikipanda kichwani huacha kifafa kwa baadhi ya watoto wanaopona: homa ipimwe siku hiyohiyo, chandarua kitumike kila usiku. Kwenye boda boda helmeti ivaliwe na abiria pia, na mkanda wake ukazwe chini ya kidevu kiasi cha vidole viwili kupita. Helmeti iliyolegea huruka kabla kichwa hakijafika lami. Na mama azalie penye mkunga aliyesomea, anayejua kutumia mfuko na barakoa ya kumpulizia hewa mtoto asiyelia, kwa maana ubongo unaokosa hewa dakika chache baada ya kuzaliwa huweza kubaki na kifafa maisha yote. Uchungu ukianza alfajiri, nauli iwe tayari mkononi tangu wiki ya 36.